Kijana huyu aingizwe ugani au angoje benchini?

Msomaji mpendwa, ikiwa umewahi kuketi kwenye kibanda cha chai mjini Kitengela Jumamosi alasiri, saa moja kabla ya mechi za Uingereza kuanza, basi wajua kwamba mji huo hauna upungufu wa makocha. Fundi wa viatu ni kocha. Utingo wa matatu ni kocha. Mwanafunzi wa chuo ambaye hajamaliza kulipa deni la mandazi la juma lililopita naye ni kocha, tena wa timu ya taifa. Kila mmoja ana kikosi chake kichwani, na kila mmoja hushangaa kwa nini wakuu wa kandanda hawajampigia simu hadi leo.

Hayo nimeyazoea, na huwa nanywa chai yangu kimya nikiwasikiliza. Lakini mjadala uliozuka hapo majuma machache yaliyopita haukuhusu Arsenal wala Manchester United. Ulihusu mtoto wa mtaani, mwana wa mama muuza nyanya na sukumawiki, kijana wa miaka 17 aliye kidato cha tatu. Huo sikuweza kuusikiliza kimya, kwa sababu ambayo nitakueleza, nayo hainiletei fahari.

Jina la kijana huyo sitalitaja. Yeye ni mwanafunzi, na ni mtoto wa mtu. Inatosha ujue kwamba huchezea timu ya mtaa kama kiungo mchezeshaji, yule avaaye jezi nambari 10 ambaye mpira wote wa timu hupitia miguuni mwake. Wako wenzake walio na mbio kumshinda, na wengi wana nguvu kumshinda. Yeye ana macho. Kabla pasi haijamfikia, amekwisha kugeuza shingo mara mbili kuona nani yuko wapi, na mpira unapofika huwa ameshaamua unakokwenda. Nimeona watu wazima wakisahau kutafuna njugu wakimtazama.

Timu hiyo ina mchezeshaji mwingine, mwanamume wa miaka 31 ambaye siku za kazi yuko kiwandani upande wa Athi River. Mbio zimempungua, lakini akili ya mpira ingali yote. Huyo ndiye huanza mechi, na kijana hungoja benchini hadi dakika 10 za mwisho, au asiingie kabisa. Kila Jumamosi mashabiki wetu, nikiwa mmoja wao, tulimpigia kocha kelele: ‘Ingiza mtoto! Mzee huyo amechoka!’

Basi Jumapili moja tukaabiri matatu mbili kuelekea Kajiado kwa mechi ya kirafiki katika uwanja wa Ildamat. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 50 kutoka Kitengela, unapita Kisaju na Isinya, na kadiri unavyokwenda ndivyo maduka yanavyopungua na upepo kuongezeka. Mchezeshaji wetu mzee alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kazini. Kocha hakuwa na la kufanya. Kijana akaanza.

Nitakuwa mkweli. Ilikuwa balaa. Wenyeji walikuwa na kiungo mkabaji mwenye mapaja kama vigogo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu, kumfuata mtoto wetu kila alikokwenda. Dakika ya tisa akampokonya mpira katikati ya uwanja, wakafunga. Dakika ya 26 kijana akajaribu pasi ndefu dhidi ya upepo, mpira ukasimama hewani kama umepigwa breki, ukamwangukia adui, wakafunga tena. Hapo ndipo watu waliosafiri kutoka Kitengela kumtazama walipoanza kumzomea. ‘Mtoe huyo! Mrudishe kwa mamake!’ Mwingine akauliza kwa sauti kama kuna mtu aliyebeba maziwa.

Nami, msomaji wangu, mimi ninayekuandikia kila Jumapili kuhusu malezi ya watoto, nilisimama nikapiga kelele kama hao wengine. Nilisema, ‘Toa mpira mapema, wewe, unalala?’ Yalikuwa maneno machache tu. Lakini nilikuwa karibu na mstari, na aligeuka akanitazama.

Alitolewa dakika ya 38. Hakuketi benchini. Alikwenda nyuma ya lango akakaa chini, akajifunika uso kwa jezi, akabaki hivyo hadi kipenga cha mwisho. Safarini kurudi tuliposimama Isinya kununua maji, hakushuka garini.

Jumatatu jioni mama yake akanijia nyumbani. Nilidhani amekuja kunisuta, na nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Kumbe hakujua lolote kuhusu kelele zangu. Alikuja kwa jambo lingine kabisa.

‘Dada,’ akaniambia, ‘wewe ni mtu wa magazeti, unajua mambo haya. Kuna bwana amekuja kwangu mara mbili. Anasema ni ajenti. Anataka mtoto aache shule mwezi ujao aende Nairobi, ajiunge na klabu, na mwakani atampeleka Ulaya. Anadai Sh30,000 za kushughulikia karatasi. Mtoto tangu jana hataki kula, anasema hapa hakuna anayempenda, heri aende. Nimwache aende ama angoje?’

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe juma moja. Nami nikafanya alilofanya kila mwenye shida ya mpira Kitengela, nikaenda kwenye kibanda cha chai.

Wa kwanza kujibu alikuwa fundi wa pikipiki, ambaye hana subira hata na spana. ‘Samaki mkunje angali mbichi,’ akasema. ‘Aende! Victor Wanyama alichezea Harambee Stars akiwa na miaka 15. Kumi na mitano! Angengojea amalize shule, tungemjua leo?’

Mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma gazeti pembeni akalikunja. Akauliza kama fundi amewahi kusikia habari za Michael Olunga, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akicheza ligi. Alipitia Tusker, akapelekwa Thika United kwa mkopo, ndipo akatua Gor Mahia mwaka 2015 na kufunga mabao 19 msimu ambao Gor walitwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Hakuenda Sweden hadi mwaka 2016, akiwa amekwisha kuwa mwanamume. ‘Na kalamu haikumvunja mguu,’ mwalimu akamaliza.

Mzee mmoja shabiki wa AFC Leopards, ambaye bado huiita Abaluhya klabu ikimfurahisha na kuiita majina mengine ikimkasirisha, alisema vijana wa leo wanaogopa benchi kama jela. Enzi zake, alidai, chipukizi alibeba mabegi ya wakubwa msimu mzima, akatazama, akajifunza hata namna ya kuanguka bila kuumia. Hapo wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Aliyesema vijana wanaharibiwa na simu, aliyesema wanaharibiwa na makocha, aliyesema wanaharibiwa na mama zao. Hilo la mwisho halikumfurahisha mwenye kibanda.

Ni mwanafunzi wa chuo, yule wa deni la mandazi, aliyeleta jambo ambalo sikulitarajia. Mjomba wake anaishi Minnesota kule Marekani, ambako Wakenya ni wengi, na amemwambukiza mapenzi ya mchezo wa Wamarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai ambao wao huuita futiboli ingawa miguu haina kazi kubwa humo. Kijana huyu hukesha usiku wa Jumapili akiutazama kwenye simu. Akatuambia kwamba mabishano yetu kuhusu mtoto wa mama mboga ndiyo mabishano ya Wamarekani kila mwaka, ila wao humbishania mchezaji aitwaye kwotabeki.

Nilikwenda nikasoma habari hizo, na ngoja nikueleze, maana zilinisaidia kufikiri. Kila timu huwa na watu 11 uwanjani kama sisi. Kwotabeki ndiye mchezeshaji. Husimama nyuma ya majabali watano wanaomkinga, anapewa mpira, na kwa muda wa takriban sekunde tatu aamue amrushie nani, huku majabali ya upande wa pili yakimjia mbio yamwangushe. Timu ni 32 katika ligi kuu yao ya NFL, na kila timu huwa na kwotabeki mmoja tu uwanjani. Ukimpanga chipukizi, mkongwe hana kazi. Ukimpanga mkongwe, chipukizi wako aliyekugharimu mamilioni ya dola anakaa na kofia kichwani akitazama. Ndiyo maana mashabiki huko hawalali.

Nao wana mifano yao, kama sisi tulivyo na Wanyama na Olunga. Wanaosema chipukizi angoje humtaja Patrick Mahomes wa Kansas City. Alichaguliwa mwaka 2017, akawekwa nyuma ya mkongwe Alex Smith msimu wote, akaanza mechi moja tu, ile ya mwisho. Mwaka uliofuata alikabidhiwa timu, akarusha pasi 50 za mabao, akatawazwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Wanaosema aingizwe mara moja humtaja Peyton Manning. Mwaka 1998, msimu wake wa kwanza akiwa na Indianapolis, alianza mechi zote na pasi zake 28 zikanaswa na maadui. Timu ikashinda mechi tatu na kupoteza 13. Naam, ungekuwa shabiki ungezomea. Msimu uliofuata, kocha akiwa yule yule na kijana akiwa yule yule, hesabu ikapinduka: ushindi 13, kushindwa mara tatu. Leo hatajwi mtu katika nafasi hiyo bila kutajwa Manning.

Kufikia hapo ungedhani mambo ni bahati nasibu. Lakini soma habari za David Carr. Mwaka 2002 timu mpya ya Houston ilimchagua wa kwanza kabla ya wote, ikampanga tangu siku ya kwanza, ila majabali wa kumkinga hawakuwa na uwezo. Msimu huo mmoja aliangushwa chini na mpira mkononi mara 76. Hebu fikiria kuangushwa mara 76 na watu wenye kilo zaidi ya 100! Hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Wapo wasemao kipaji hakikuwepo. Mimi nasema hatutajua kamwe, maana kabla kipaji hakijaonekana mtu alikuwa tayari anatazama mbingu.

Kisha yuko Sam Darnold, ambaye ndiye aliyeniuma zaidi. New York Jets walimchagua mwaka 2018 akiwa wa tatu katika orodha, wakampanga mechi ya kwanza akiwa na miaka 21. Pasi yake ya kwanza kabisa ilinaswa na adui akaenda kufunga nayo. Misimu mitatu ya kuzomewa, kisha akauzwa, akahama tena, watu wakamwandika kuwa ameisha. Mwaka 2024 akafika Minnesota, akapata kocha anayemwelewa na wakingaji wanaojua kazi, akashinda mechi 14 kati ya 17. Mkono uliokuwa ukirusha ni ule ule.

Sasa rudi nami kwa Wanyama, kwa sababu fundi wa pikipiki alisema kweli, lakini alisema nusu. Ni kweli alivalia jezi ya taifa dhidi ya Nigeria mwezi wa Mei 2007 kabla ya kutimiza miaka 16. Ni kweli mwaka huo huo alikwenda Sweden katika klabu ya Helsingborg. Lakini nani alikuwa Helsingborg kabla yake? Kaka yake, McDonald Mariga, ambaye baadaye mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Na baba yao, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards. Mtoto huyo hakupelekwa ughaibuni na mtu aliyejitokeza mlangoni mara mbili. Alikuwa na nyumba nzima inayojua mpira ni nini, unalipa vipi, na unaumiza vipi.

Tena hakuruka moja kwa moja hadi kwenye ligi kuu ya Uingereza. Mwaka 2008 alikwenda Beerschot ya Ubelgiji, klabu ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia, akakaa huko miaka mitatu. Ndipo akaenda Celtic mwaka 2011, na usiku ule wa Novemba 2012 akaipiga Barcelona kichwa cha bao. Sisi mashabiki tunakumbuka miaka 15 na tunakumbuka Barcelona. Miaka mitatu ya Beerschot hatuitaji kwa sababu hatukuitazama.

Hata Ryan Ogam, ambaye Agosti 2025 alifunga dhidi ya Morocco na kisha Zambia uwanjani Kasarani katika michuano ya CHAN, hakudondoka kutoka mbinguni. Alikuwa akicheza Tusker, ligini, juma kwa juma. Madagascar walipotubandua kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, watu walilia, lakini sikusikia mtu akimwambia Ogam arudi kwa mamake. Muda mfupi baadaye alikuwa ameelekea Austria katika klabu ya Wolfsberger. Najiuliza ingekuwaje kama wiki ile angekosa mabao mawili badala ya kuyafunga. Uwanja ungekuwa ule ule, na sisi ndio tungekuwa mashabiki wale wale.

Maoni yangu basi, msomaji, na una uhuru wa kuyakataa, ni kwamba kibandani tulikuwa tukibishania swali la pili kabla ya kujibu la kwanza. Aingizwe au angoje? Manning aliingizwa, Mahomes alingoja, wote wawili wakafika. Carr na Darnold waliingizwa wakaumia. Tofauti siioni katika benchi. Naiona kwa watu waliosimama mbele ya kijana, kando yake na nyuma yake. Pale Ildamat tulimtupa mtoto katikati peke yake. Nyuma yake hakukuwa na kiungo wa kumfunika anapopokonywa mpira. Kandoni hakukuwa na mtu mzima wa kumwambia kwamba mpira mrefu haupigwi dhidi ya upepo wa Kajiado, jambo ambalo yule mzee wa miaka 31 anajua tangu zamani. Na mstarini tulikuwa sisi.

Kuna aliyesema kweli zaidi kunishinda, naye ni mwenye kibanda. Tulipokuwa tukipigiana kelele aliweka birika chini akauliza, ‘Nyote mwasema aende, asiende. Mbona hakuna anayeuliza atalala wapi Nairobi, na atakula nini siku ambayo hakuna mechi?’ Kibanda kikanyamaza. Fundi wa pikipiki akaagiza chai nyingine.

Kuhusu yule bwana ajenti nilifanya kazi yangu ya gazeti, na haya yakate uyaweke, maana Kitengela haiko peke yake. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana zilizoainishwa, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zao zisizohusiana na mpira. Mtoto wa miaka 17 wa mama muuza nyanya Kitengela hana hata moja kati ya sababu hizo za kumpeleka Ulaya kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Aidha, tangu mwaka 2023 ajenti lazima awe na leseni ya FIFA, na kwa mtoto lazima mzazi atoe idhini kwa maandishi. Leseni huwa na nambari. Iulize.

Jambo jingine ambalo timu zetu za mtaani hulipuuza ni karatasi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia tano ya ada hugawanywa kati ya klabu zilizomlea tangu alipotimiza miaka 12. Timu ya mtaa ambayo haijamsajili rasmi mtoto wake haitapata hata senti ya kununulia neti. Nilipomweleza kocha wetu hayo alicheka kwa uchungu. Uwanja wetu wenyewe ni ploti ya mtu, na majuzi mwenyewe ameleta nguzo za saruji kwa lori na kuzipanga nyuma ya lango la kaskazini. Kila mechi twazihesabu kuona kama zimeongezeka. Hilo nitaliandikia siku yake.

Nilirudi kwa mama yule baada ya juma, kama nilivyoahidi. Nilimkuta sokoni akipanga nyanya, kubwa mbele na ndogo nyuma. Nilianza kwa lile lililonikaa kooni. Nilimwambia kwamba siku ile Kajiado nami nilimpigia mwanawe kelele. Aliendelea kupanga nyanya zake kwa muda. ‘Alikuwa ameniambia kuna mtu anayemjua,’ akasema. ‘Hakuniambia ni wewe.’

Kisha nikamweleza habari za leseni na za miaka 18. Akachukua simu yake, akampigia yule bwana palepale, akamwomba nambari ya leseni kwa upole kabisa, kama anayemwuliza mteja anataka mfuko. Bwana akasema yuko barabarani, atampigia. Hadi ninapoandika hajampigia.

Sikumwambia mtoto aende wala asiende. Hiyo ni kazi yake na ya mwanawe. Nilimwambia tu ninaloamini: abaki shuleni hadi mtihani wa kidato cha nne, na katika muda huo acheze, tena acheze sana, mahali ambapo akikosea kuna mtu wa kumwokota. Akauliza, ‘Na wao watamruhusu akosee?’ Sikujua anawauliza akina nani hasa, makocha au sisi.

Kocha wetu, ambaye hajasomea ukocha popote ila hana kiburi, alibuni jambo lake. Mkongwe alipopona kifundo, hakumrudisha namba 10. Alimpanga nyuma, kiungo mkabaji, na mbele yake akampanga kijana. Kwa hivyo hakuna anayemngoja mwenzake. Mzee hakimbii tena sana, anasimama na kuzungumza muda wote, na kijana anapopokonywa kuna mtu. Mwanafunzi wa chuo alifurahi kupita kiasi, akasema hayo ndiyo ya wale majabali watano. Mzee wa Leopards akasema Abaluhya walifanya hivyo zamani. Fundi wa pikipiki akadai ni yeye aliyetoa wazo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwatazama, nikasimama mahali pangu pa kawaida karibu na mstari. Kijana aliingia kipindi cha pili. Mpira wake wa kwanza alipokonywa. Kulikuwa na ukimya, ule ukimya wa watu waliovuta pumzi ya kuzomea, na mmoja nyuma yangu alikwisha kuanza, ‘Mto…’ Fundi wa pikipiki akamgeukia na uso wa grisi, akanyamaza. Uwanjani mkongwe alikuwa ameuzima mpira ule na kumrudishia kijana yule yule, akimwambia, ‘Tena. Angalia kulia.’ Akaangalia kulia.

Tulifungwa mbili kwa moja. Bao letu halikutokana naye, lilikuwa kona tu. Lakini dakika za mwisho mpira ulitoka nje ukaja ukasimama miguuni pangu, naye akaja kuurusha. Aliuokota, akanitazama mara moja.

‘Auntie,’ akasema, ‘leo umenyamaza.’

Nikamwambia arushe mpira, refa anatazama saa.